Fahamu: Kéré Architecture na majengo yanayojipoza

Kéré Architecture ni kampuni ya usanifu majengo yenye makao Berlin, Ujerumani. Mwanzilishi wake, Francis Kéré, mzaliwa wa Gando, Burkina Faso, mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker.

Joto linatokaje?

Shule ya msingi ya Gando, iliyosanifiwa na Kéré na kukamilika 2001, ilijengwa na wanakijiji wenyewe kwa matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Bati (lilelile linalotuchoma mchana) limeinuliwa juu ya dari ya matofali yenye matundu. Hewa ya moto hupanda kupitia matundu na kutokea kwenye uwazi kati ya dari na bati. Ya baridi huingia madirishani. Hakuna kiyoyozi.

Na Kenya?

Kando ya Ziwa Turkana, kampasi ya teknolojia ya Startup Lions, iliyosanifiwa na kampuni hiyohiyo, ina minara mirefu ya kutolea joto, iliyoiga vichuguu vya mchwa.