Sun Kosi: Mto Unaokua Kila Siku ya Safari

Safari ya kushuka mto Sun Kosi kwa boti za mpira, mashariki mwa Nepali, huanzia Dolalghat, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka Kathmandu, na kuishia Chatara, pale milima ya Himalaya inapokoma ghafla na kuuachia mto uwanda mpana unaoelekea Ganga. Njia hiyo ina urefu wa kilomita 270 hivi na kwa kawaida huchukua siku nane hadi kumi, na katika umbali wote huo mto hushuka kutoka mita 620 hivi juu ya usawa wa bahari hadi mita 110 hivi, yaani chini ya mita mbili kwa kila kilomita, mteremko ambao kwa mtu aliyezoea kusikia habari za Himalaya ni mdogo wa kushangaza. Chanzo cha ugumu wa safari, basi, kinapaswa kutafutwa zaidi katika mito mingine inayoingia Sun Kosi njiani, kwa kuwa kila mmoja wao huleta vitu viwili kwa pamoja, maji na mawe, kiasi kwamba mto anaoumaliza msafiri siku ya mwisho una tabia nyingine kabisa na ule aliouanza, ingawa jina ni lile lile.

Mito hiyo, ambayo wanajiografia huiita tawimito, inafahamika vizuri. Pale Dolalghat penyewe huingia Indrawati; baadaye hufuata Tama Kosi, kisha Likhu, kisha Dudh Kosi, unaokusanya maji ya barafuto za upande wa kusini wa mlima Everest, barafuto zikiwa ni yale matandiko makubwa ya barafu yanayosogea polepole sana mabondeni. Karibu na mwisho wa safari, mahali paitwapo Tribeni, Sun Kosi hukutana na Arun, unaotoka Tibeti na kuikata safu nzima ya Himalaya kwa korongo refu, na Tamur, unaotoka upande wa mlima Kangchenjunga. Kuanzia hapo mto huitwa Sapta Kosi, na ukubwa wake humfanya aliyekuwa akipiga kasia kwa kujiamini siku mbili zilizopita aone boti yake imekuwa ndogo. Tofauti kati ya mto mkuu na tawimito yake ilionekana wazi mwaka 1976, wakati kikosi cha Waingereza kikiongozwa na Mike Jones kiliposhuka Dudh Kosi kwa kayaki, yaani mitumbwi midogo ya mtu mmoja iliyofunikwa juu: huko juu mteremko ni mkali mno kwa boti za abiria, na maji yanakimbia kati ya mawe kwa fujo isiyo na mapumziko, ilhali maji yale yale yakishafika Sun Kosi huwa sehemu ya mto mpana ambao hata mgeni asiye na uzoefu anaweza kuushuka akiwa na nahodha hodari.

Kuhusu mawe, kanuni yake ni rahisi kueleza. Tawimto huwa na mteremko mkali kuliko mto mkuu, hivyo linapofurika huweza kusukuma majabali ambayo mto mkuu, kwa sababu ya ulegevu wa mteremko wake, hauna nguvu ya kuyaendeleza. Majabali hayo hubaki pale pale yalipotemwa, yakafanya rundo lenye umbo la upepeo linalousukuma mto mkuu kwenye ukingo wa pili na kuubana. Juu ya mahali palipobanwa maji husimama na kutulia kama bwawa, kisha hupita kwa kasi katika ule mlango mwembamba na kuzaa mkondo mkali, kisha hutulia tena. Ndiyo maana sehemu kubwa ya Sun Kosi ina mpangilio wa kupokezana, utulivu mrefu na ghasia fupi, na ndiyo maana nahodha anayeona kijito kikiingia kutoka kando huanza kujiandaa kabla hata ya kusikia ngurumo.

Maporomoko ya ardhi hufanya kazi kama hiyo, ila kwa haraka zaidi. Tarehe 2 Agosti 2014 upande mzima wa mlima uliporomoka Jure, katika wilaya ya Sindhupalchok, juu ya Dolalghat, ukaua watu zaidi ya 150 na kuziba mto hadi likatokea ziwa lililodumu kwa wiki kadhaa kabla ya kujipasulia njia. Mwishoni mwa Septemba 2024, mvua kubwa zilizoua watu zaidi ya 200 nchini Nepali zilifanya mto Roshi, ambao pia humwaga maji yake katika Sun Kosi, ubomoe sehemu ndefu za barabara kuu inayopita bondeni mwake. Baada ya tukio la namna hiyo mchoro wa mto uliochorwa mwaka uliotangulia hubaki na thamani ndogo, na manahodha wenye busara hushuka kwenye kingo na kutazama kwa macho yao hata mahali walipopita mara nyingi.

Kiasi cha maji, kwa upande wake, hutawaliwa na majira. Takriban asilimia 80 ya mvua ya mwaka nchini Nepali hunyesha kati ya Juni na Septemba, ikiletwa na monsuni ya kiangazi cha kaskazini, na hapa msomaji wa mwambao wa Afrika Mashariki ana uhusiano wa karibu na habari hii kuliko anavyoweza kudhani, kwa kuwa kusi inayovuma pwani za Kenya na Tanzania katika miezi hiyo ni sehemu ya mfumo huo huo wa upepo, unaovuka ikweta, ukapinda kuelekea mashariki juu ya Bahari ya Arabu na kubeba unyevu hadi India na Ghuba ya Bengali, kabla ya kupanda na kuumwaga kwenye miteremko ya Himalaya. Katika kilele cha mvua Sun Kosi haushukiki kwa usalama: rangi yake huwa ya tope, magogo huelea katikati, na fukwe za kulala hufunikwa. Msimu mkuu wa safari huanza Oktoba, mvua zikishakata na mto ungali umejaa, ukaendelea hadi Novemba. Msimu wa pili ni wa Machi hadi Mei, maji yakiwa machache na ya kijani, ingawa kuyeyuka kwa theluji huyafanya yapande na kushuka ndani ya siku moja. Kwa sababu hiyo jioni, boti zikishavutwa mchangani na kufungwa, kiongozi huchomeka kijiti pale pale ukingo wa maji unapogusa mchanga, na alfajiri jambo la kwanza analotazama, kabla ya chai, ni umbali kati ya kijiti na maji. Tangu mwaka 2021 kuna sababu nyingine ya kukitazama, nayo ni mtambo wa umeme wa Upper Tamakoshi, kwenye mto Tama Kosi, wenye uwezo wa megawati 456, uliobuniwa kuhifadhi maji kwa saa chache wakati wa ukame na kuyaachilia mahitaji ya umeme yanapopanda.

Ndani ya mkondo mkali wenyewe kuna lugha ambayo nahodha huisoma kwa sekunde chache. Mahali maji mengi yanapopita bila kizuizi uso wa mto hulainika na kuchora ulimi unaong'aa, mpana kwa juu na uliochongoka kwa chini, nao ndio mlango wa kuingilia. Mbele ya ulimi huo hufuata mfululizo wa mawimbi yasiyosogea, na hapa desturi ya bahari hupinduliwa, kwa sababu baharini wimbi husafiri na maji hubaki karibu mahali pake, ilhali mtoni maji husafiri na wimbi hubaki pale pale, juu ya jiwe lile lile, mchana na usiku, hadi kina kibadilike. Mawimbi haya hutisha kwa urefu, lakini boti iliyonyooka huyapanda na kuyashuka bila madhara makubwa. Kinachostahili hofu zaidi ni shimo la maji, linalotokea pale maji yanapofurika juu ya mwamba na kuzama kwa nguvu nyuma yake, na maji ya juujuu ya upande wa chini yakarudi nyuma kuziba pengo. Chochote kinachoelea, iwe gogo, boti au mtu, huweza kushikwa katika mzunguko huo, na njia ya kutoka huwa ni pembeni au chini, mahali mkondo wa kweli unapoendelea na safari yake. Kwenye mikondo mikubwa kama Hakapur, uliopo katikati ya safari, kazi yote ya nahodha huwa ni kuamua mapema upande wa kupita, kwani nguvu ya maji huongezeka kwa mraba wa kasi yake, yaani kasi ikizidi mara mbili nguvu huzidi mara nne, na makasia sita au manane hayawezi kushindana na hesabu hiyo dakika za mwisho.

Boti zenyewe huwa na urefu wa mita nne hadi tano, zenye vyumba vya hewa vilivyotenganishwa ili kimoja kikitoboka vingine viendelee kuelea, na sakafu ya hewa iliyofungwa kwa kamba pembeni ili maji yaliyoingia yatoke yenyewe. Katika boti ya abiria kila mtu hupiga kasia kwa amri ya nahodha aliyekaa nyuma. Katika boti ya mizigo mtu mmoja hukaa kati, kwenye fremu ya chuma, na kuendesha kwa makasia mawili marefu. Amri ambayo wageni huielewa kwa shida zaidi ni ile ya kuitaka miili yao iende mahali inapogoma kwenda: boti ikigonga mwamba kwa ubavu, kila mtu hujivuta mbali na mwamba, na kwa kufanya hivyo hukandamiza upande unaopokea mkondo, maji yakapanda juu yake na kuibandika boti kwenye jiwe, ilhali wokovu uko katika kujitupa wote kwa pamoja upande wa mwamba.

Mikondo hupimwa kwa ngazi ya kimataifa kuanzia I hadi VI, ngazi ya kwanza ikiwa maji yanayotembea tu na ya sita ikiwa ukomo wa yale yanayoshukika. Sehemu kubwa ya Sun Kosi huwekwa katika ngazi ya III na IV, na namba hizo, ingawa ni sahihi, hupotosha. Ngazi hupima ugumu wa kupita, haipimi wingi wa maji wala umbali wa msaada. Mtu aliyeanguka katika kijito cha ngazi ya IV huogelea mita chache hadi ukingoni, ilhali aliyeanguka katika Sun Kosi ya Oktoba, chini ya makutano na Dudh Kosi, anaweza kubebwa mbali sana kabla ya kuufikia ukingo. Ndiyo maana kila msafara makini huwa na waokoaji wa kayaki wanaotangulia na kungoja chini ya kila mkondo, na ndiyo maana jaketi okozi na kofia ngumu havivuliwi majini hata mahali palipotulia. Anayeanguka hufundishwa kulala chali, miguu ikitangulia na kuinuliwa juu, wala asijaribu kusimama kabla maji hayajawa ya magotini na yenye utulivu, kwa kuwa mguu ukinaswa kati ya mawe mkondo humsukuma mtu kifudifudi na kumshikilia chini, hata katika kina ambacho mtoto angekiona cha kuchezea.

Maisha ya ukingoni hayana maelezo mengi. Watu hulala kwenye fukwe za mchanga mweupe, hupika kwa gesi au kwa kuni zilizosukumwa na mafuriko, huchemsha au kutia dawa maji ya kunywa, na huchimba choo mbali na mto. Tumbo lililochafuka hukatiza starehe ya wasafiri wengi kuliko mawimbi. Inafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba fukwe hizo si pori tupu. Wamajhi, ambao kwa vizazi wameishi kwa uvuvi na kwa kuwavusha watu kwa mitumbwi ya gogo, waliusoma mto huu muda mrefu kabla ya boti ya kwanza ya mpira, na kazi yao ya uvushaji imepungua kwa sababu ya madaraja ya kuning'inia, si kwa sababu ya watalii, ambao kwa kawaida hupita wakiwapungia mikono tu.

Mabadiliko makubwa zaidi yanakuja kutoka kwa wahandisi. Katika wilaya ya Sindhuli, mradi wa Sunkoshi-Marin umechimba handaki la kilomita 13.3, ambalo uchimbaji wake ulikamilika mwaka 2024, kwa ajili ya kupeleka mita za ujazo 67 za maji kwa sekunde hadi bonde la mto Bagmati, kwa umwagiliaji wa mashamba ya uwanda wa kusini na kwa umeme kidogo. Maji hayo hayatarudi Sun Kosi, na ukuta wa kuyachepusha unakatiza njia ya boti, hivyo safari itapaswa kuanzia chini yake au vyombo vibebwe ukingoni kwa mikono. Mkubwa zaidi, ingawa ungali kwenye makaratasi, ni mpango wa bwawa la Sapta Kosi lenye kimo cha mita 269 karibu na Barahakshetra, ambao Nepali na India zilikubaliana mwaka 2004 kuuchunguza kwa pamoja, mojawapo ya sababu zake ikiwa mafuriko ya jimbo la Bihar, nchini India, ambako mnamo Agosti 2008 mamilioni ya watu waliathiriwa baada ya mto kuvunja tuta lake upande wa Nepali. Mto ambao umehamisha njia yake uwandani kwa zaidi ya kilomita 100 kuelekea magharibi katika karne mbili na nusu, kwa sababu ya mchanga na tope unaoubeba, ungeanza kuutua mzigo huo ndani ya bwawa, na muda ambao bwawa lingedumu kabla ya kujaa ni swali ambalo wanajiolojia wameliuliza mara nyingi kuliko wanasiasa. Kwa msafiri hesabu ni nyepesi: ukuta wa mita 269 uliosimama mahali palipo mita 110 na kitu juu ya bahari ungeweza kuinua uso wa ziwa kupita mita 300, ambapo makutano ya Tribeni na mikondo yote ya siku za mwisho za safari vingekuwa chini ya maji yasiyosogea.