Je, Wajua? Askari Kanzu Katikati ya Maandamano

Je, wajua kuwa usiku wa Machi 8, 1971, wakati Joe Frazier na Muhammad Ali wakizichapa New York, watu wanane walivunja ofisi ndogo ya FBI katika mji wa Media, Pennsylvania, wakaondoka na mabegi yaliyojaa majalada? Usiku ule waliuchagua kwa makusudi, maana masikio ya Marekani nzima yalikuwa kwenye pambano. Aliyewaongoza hakuwa mhalifu wa kuzoea bali mwalimu wa fizikia, William Davidon wa chuo cha Haverford. Yeye na wenzake walikuwa wakipinga vita vya Vietnam kwa amani, na walikuwa wamechoka kuhisi kwamba katika kila mkutano wao kuna mtu anayeandika majina. Walitaka kuthibitisha.

Walithibitisha. Nyaraka zaidi ya 1,000 ziliingia mikononi mwao, wakazituma kwa magazeti na wabunge. Mwanasheria Mkuu wa serikali aliliomba gazeti la Washington Post lisichapishe. Gazeti likachapisha. FBI ilimwaga maofisa wapatao 200 kuwasaka wavunjaji hao na haikuwapata. Uchunguzi ukafungwa mwaka 1976, na kadhaa kati yao wakajitaja wenyewe mwaka 2014, wakiwa wazee.

Wajua ndani ya mabegi yale mlikuwa na nini? Hati mojawapo iliwashauri maofisa wazidishe kuwahoji wapinzani wa vita, ili hofu iwakae na waamini kwamba nyuma ya kila sanduku la posta amejificha mtu wa FBI. Nyingine ilionyesha kuwa opereta wa simu wa chuo cha Swarthmore alikuwa akitoa habari za mwalimu wa falsafa. Nyingine ziliagiza vyama vya wanafunzi weusi vyuoni vifuatiliwe. Kosa lao? Kuwa na chama.

Je, wajua kuwa karatasi moja tu, tena ndogo, ya kuelekeza barua ndiyo iliyobeba jina COINTELPRO, ambalo hakuna raia aliyewahi kulisikia? Mwandishi wa televisheni, Carl Stern, akauliza maana yake, akanyimwa jibu, akaenda mahakamani akiishika sheria ya uhuru wa habari, akashinda. Hapo ndipo ilipojulikana kuwa tangu mwaka 1956 hadi 1971 FBI haikuishia kusikiliza na kuandika. Iliandika barua za uongo ili marafiki wagombane, wake wawatilie shaka waume zao, na waajiri wawafukuze watu kazi.

Martin Luther King alipata barua kama hiyo. Oktoba 1963, miezi miwili baada ya maandamano makubwa ya Washington, Robert Kennedy, akiwa Mwanasheria Mkuu, aliidhinisha simu za King zinaswe. Novemba mwaka uliofuata King akatumiwa kifurushi kisicho na jina la mtumaji: mkanda wa sauti zilizonaswa katika vyumba vya hoteli, na barua iliyomdokezea kwamba amebakiwa na njia moja tu, nayo ni kujiua. Kifurushi kile alikifungua mkewe, Coretta, Januari 1965. Kati ya siku kilipotumwa na siku kilipofunguliwa, King alikuwa amekwenda Oslo kupokea Tuzo ya Nobel ya Amani.

Jalada la FBI juu ya mwandishi James Baldwin lilifika kurasa 1,884. La Albert Einstein lilipita 1,400.

Je, wajua kuwa Malcolm X alipopigwa risasi katika ukumbi wa Audubon, New York, Februari 21, 1965, mtu aliyeinama kumpulizia pumzi mdomoni alikuwa askari kanzu? Gene Roberts alitumwa na polisi wa jiji kujiunga na walinzi wa Malcolm, na wenzake hawakujua. Roberts hakuishia hapo. Alipandikizwa ndani ya chama cha Black Panther, na baadaye akasimama kizimbani kutoa ushahidi katika kesi maarufu ya wanachama wa chama hicho, iliyoitwa Panther 21. Mei 1971 washitakiwa wote waliobaki katika kesi hiyo waliachiwa huru kwa kila shitaka. Mwezi huo huo wanaharakati wa New York, akiwemo wakili Barbara Handschu, wakaishitaki idara ya polisi kwa kuwapeleleza raia kwa sababu ya siasa zao. Kesi ile ilizaa makubaliano ya mwaka 1985 yaliyowawekea polisi mipaka. Mipaka ikalegezwa mwaka 2003 kwa sababu ya mashambulizi ya Septemba 11, ikakazwa upya mwaka 2017 baada ya kesi za Waislamu waliopelelezwa hadi misikitini.

Wajua kuwa hata jeshi liliingia? Januari 1970, Christopher Pyle, aliyewahi kuwa ofisa wa usalama jeshini, aliandika kwamba askari waliovaa kiraia walikuwa wakihudhuria maandamano kote Marekani na kupeleka taarifa. Waliopelelezwa wakashitaki. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, iliwaambia kuwa hofu peke yake haitoshi kumfanya mtu awe na kesi. Mimi nasimama na wale majaji wanne. Mtu anayeacha kwenda mkutanoni kwa sababu jina lake litaandikwa amekwisha kunyang'anywa haki yake. Hakuna haja ya kumpiga rungu.

Na mahakama hiyo hiyo ililijua hilo miaka 14 kabla. Jimbo la Alabama lilipodai orodha ya wanachama wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, mwaka 1958 majaji wote kwa kauli moja walikataa. Walielewa kuwa mwanachama mweusi akijulikana Alabama ya wakati ule, kazi yake na hata maisha yake vilikuwa hatarini, na kwamba kulinda faragha ya orodha ni kulinda chama chenyewe.

Chicago: polisi waliposikia mwaka 1974 kuwa kesi juu ya upelelezi wao wa siasa inakuja, waliteketeza majalada ya watu 105,000 na ya vikundi 1,300.

Denver: mwaka 2002 yalifichuka majalada ya polisi juu ya watu wapatao 3,200 na vikundi 208. Waquaker, watu ambao imani yao inawakataza kushika silaha, walikuwa wameandikwa kuwa kundi la wahalifu wenye msimamo mkali.

Maryland inauma zaidi. Mwaka 2005 na 2006, askari wa polisi wa jimbo hilo alijifanya mwanaharakati, akaketi katika mikutano ya watu wanaopinga adhabu ya kifo na vita vya Iraq. Taarifa zenyewe zilirudia jambo lile lile: mkutano ulikuwa wa amani, hakuna uvunjaji wa sheria. Pamoja na hayo majina ya watu 53 yaliingizwa kwenye kompyuta ya polisi chini ya kichwa cha ugaidi, wakiwemo masista wawili wa Kikatoliki. Mwaka 2009 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuzuia jambo hilo lisirudiwe.

Je, wajua kuwa mzee mmoja wa Brighton, Uingereza, aliandikwa na polisi kwa sababu alikuwa akichora? John Catt hakuwahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote. Alikuwa akienda na binti yake kwenye maandamano ya kupinga kiwanda cha silaha mjini humo, anafungua daftari, anachora watu waliomzunguka. Polisi waliandika alivyovaa, kwamba amenyoa ndevu, kwamba ametoa daftari lake. Kumbukumbu 66 zilikusanywa katika hifadhi ya habari za wale walioitwa wenye siasa kali nchini. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema mwaka 2015 kuwa hakuna ubaya. Catt hakukubali. Januari 24, 2019, akiwa na miaka 94, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilimpa ushindi kwa kauli moja: kuhifadhi habari za siasa za mtu asiye hatari kwa yeyote ni kuvunja haki yake ya faragha.

Uingereza hiyo hiyo, wajua kuwa polisi wa London waliunda kikosi cha siri mwaka 1968, baada ya maandamano ya Vietnam, na kikaishi miaka 40? Vikundi zaidi ya 1,000 vilipelelezwa. Askari walichukua majina ya watoto waliokufa wakayafanya yao, bila wazazi kuambiwa. Waliingia katika mapenzi na wanawake wanaharakati, wengine kwa miaka. Mmoja alizaa na mwanaharakati mmoja kisha akatoweka, na mama yule akaja kuujua ukweli kutoka gazetini, baada ya zaidi ya miaka 20. Waliwafuata hata watu waliokuwa karibu na familia ya Stephen Lawrence, kijana mweusi aliyeuawa na wabaguzi mwaka 1993, wakati familia hiyo ikidai haki. Polisi ilipaswa kuwasaka wauaji. Mwaka 2021 baraza la kusikiliza malalamiko ya upelelezi lilitoa hukumu kwamba mwanamke mmoja, Kate Wilson, aliyedanganywa kimapenzi na askari kanzu wa kikosi kingine, alivunjiwa haki tano za binadamu, mojawapo ikiwa haki ya kutotendewa kinyama.

Siku hizi askari halazimiki kujifanya mwanaharakati. Kuna kifaa kinachojifanya mnara wa simu: simu zote zilizo karibu zinajiunganisha nacho zenyewe, na kifaa kinachukua namba za utambulisho za simu hizo. Hakibagui mshukiwa na mama aliyepita kununua mkate. Mei 29, 2020, siku nne baada ya George Floyd kuuawa Minneapolis, droni kubwa ya idara ya mipaka ya Marekani iliruka juu ya waandamanaji wa mji huo, mamia ya kilomita kutoka mpaka wanaozoea kuulinda. Mwaka huo huo ndege za kampuni binafsi zilipiga picha karibu Baltimore yote mchana kutwa kwa niaba ya polisi, na mwaka 2021 mahakama ya rufaa iliamua kuwa mpango huo ulikuwa kinyume cha katiba.

Sura nazo? Moscow, mwaka 2019, Nikolay Glukhin alipanda treni ya chini ya ardhi peke yake na sanamu ya karatasi ya mwanaharakati aliyefungwa. Kamera za utambuzi wa sura zilisaidia kumpata, akapigwa faini. Mwaka 2023 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema haki zake za faragha na za kujieleza zilivunjwa. Na wajua kuwa programu hizi zinakosea zaidi kwetu? Mwaka 2018 Joy Buolamwini, mwenye asili ya Ghana, na Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, walipima programu tatu za kutambua jinsia kwa kutazama sura. Kwa wanaume weupe kosa halikufika 1%. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika 34.7%.

Wajua Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasemaje? Ibara ya 37 inampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani bila silaha, na Ibara ya 31 inalinda faragha, mawasiliano yakiwemo. Katiba ya Tanzania inalinda faragha katika Ibara ya 16 na kukusanyika katika Ibara ya 20. Haki hizo ziliingizwa katika katiba hiyo mwaka 1984. Msomaji wa Tanzania azingatie pia kuwa laini yake imesajiliwa kwa alama za vidole. Kwa hiyo mnara unapoiona simu, jina la mwenyewe haliko mbali.

Na Memphis, mji alikouawa King mwaka 1968? Mpigapicha Ernest Withers, aliyeaminiwa hadi kuingia vyumba vya viongozi wa harakati, alikuwa akiipasha FBI habari. Ilijulikana mwaka 2010, yeye akiwa amekwisha kufa. Mwaka 1976 meya wa mji aliamuru majalada ya kikosi cha polisi cha upelelezi wa siasa yachomwe, wakati wanasheria wako njiani kuyaomba. Yalichomwa. Hata hivyo kesi ilifika mwisho, na mwaka 1978 Memphis ikafungwa na amri ya mahakama: ni marufuku polisi kukusanya habari za siasa za raia.

Mwaka 2017 ikaonekana orodha ya watu ambao wakiingia ofisi za mji lazima wasindikizwe na askari. Ndani yake walikuwemo wanaharakati, na mama wa kijana aliyeuawa na polisi mwaka 2015. Ikagundulika pia kuwa polisi walikuwa na akaunti ya uongo ya Facebook, kwa jina Bob Smith, wakijifanya rafiki wa wanaharakati hao. Amri ya mwaka 1978 ikatolewa kabatini. Oktoba 2018 Jaji Jon McCalla aliamua kuwa mji umeivunja, akaagiza askari wafundishwe upya, akataka msimamizi huru awepo, na akawaagiza polisi waandike kila neno wanalolitafuta kwa programu zao za kupekua mitandao ya kijamii, na orodha hiyo ipelekwe mahakamani kila baada ya miezi mitatu.