Ukomo wa hedhi: Kwa nini jembe na mtungi pekee havitoshi kulinda mifupa ya mwanamke

WANAWAKE wengi wa kaunti za Kitui na Makueni hufikia umri wa miaka 50 wakiwa wamefanya kazi za mikono tangu utotoni. Wameteka maji kwenye mchanga wa mito mikavu, wamelima, wamebeba kuni na kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kwa sababu hiyo, ni rahisi kudhani kuwa mwili uliozoea suluba hauwezi kutikiswa na kukoma kwa hedhi.

Dhana hiyo ina ukweli nusu. Kazi na mazoezi humfaa sana mwanamke wa umri huo. Hata hivyo, homoni iliyokuwa ikiulinda mwili wake hupungua, na mzigo aliouzoea akiwa na miaka 30 unaweza kumjeruhi akiwa na miaka 55.

Kitabibu, mwanamke huhesabiwa kuwa amefikia ukomo wa hedhi baada ya kukaa miezi 12 mfululizo bila kupata damu ya mwezi, pasipo sababu nyingine kama vile ujauzito au ugonjwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO), wengi hufikia hatua hiyo kati ya umri wa miaka 45 na 55. Kabla ya hapo huwapo kipindi cha mpito kinachoweza kuchukua miaka kadhaa, ambapo hedhi huja bila mpangilio.

Chanzo cha mabadiliko hayo ni kupungua kwa homoni ya estrojeni inayotengenezwa na ovari. Kazi ya estrojeni haiishii katika uzazi. Husaidia mishipa ya damu kutanuka, hushiriki katika kudhibiti joto la mwili na, muhimu zaidi kwa mwanamke anayebeba mizigo, huzuia mifupa isimomonyoke kwa kasi kuliko inavyojengwa.

Homoni hiyo inapopungua, mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake katika miaka mitano hadi saba ya mwanzo. Upungufu huo hauna maumivu. Mara nyingi hugunduliwa siku mfupa unapovunjika baada ya kuanguka kidogo tu, hasa kwenye kifundo cha mkono, nyonga au pingili za uti wa mgongo. Mama anayezidi kupinda mgongo na kupungua kimo huenda ana pingili zilizopondeka, na si uzee tu unaomwinamisha.

Mzigo mgongoni

Mwaka wa 1986, Profesa Geoffrey Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti kuhusu wanawake wa Kenya wanaobeba mizigo. Waliwapima wanawake wa Kiluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, mtindo unaotumiwa pia na wanawake wa Kikamba. Ilibainika kuwa wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu za ziada. Mzigo ulipozidi hapo, nguvu zilizohitajika ziliongezeka.

Kwa mwanamke mwenye uzani wa kilo 60, asilimia hiyo ni kilo 12. Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una kilo 20, kabla ya kuhesabu mtungi wenyewe. Utafiti huo ulipima nguvu, haukupima mifupa. Lakini pingili zilizodhoofika huumia upesi zaidi mtu anapoinama mbele huku amebeba mzigo, na hivyo ndivyo mtungi wa mgongoni unavyobebwa.

Hali ni hiyo hiyo katika uchimbaji wa matuta ya 'fanya juu', ambayo yameenea katika vilima vya Ukambani na ambayo kwa sehemu kubwa yalichimbwa na wanawake katika vikundi vya kazi ya pamoja viitwavyo mwethya. Mchimbaji huinama, huchota udongo na kuurusha upande wa juu wa mtelemko huku kiwiliwili kikijipinda. Kwa mwenye mifupa imara hilo ni zoezi. Kwa mwenye mifupa dhaifu, ni hatari.

Si lazima mama aache kazi hizo. Maji yanaweza kubebwa katika mitungi ya lita 10 kwa safari mbili, kwa punda au kwa mkokoteni. Anayeinua mzigo kutoka chini akunje magoti na kuunyoosha mgongo. Katika mwethya, wenye umri mkubwa wanaweza kupewa kazi ya kupima mistari na kupanda nyasi kwenye kingo, na kuwaachia vijana sururu.

Kutembea na kukimbia

Mfupa huimarika unapopokea mshindo na mvuto wa misuli. Ndiyo maana kutembea haraka, kucheza ngoma na kukimbia husaidia mifupa kuliko kuendesha baiskeli. Hata hivyo, mfupa huzoea mwendo ule ule wa kila siku, na mwendo uliozoeleka haumpi mama faida mpya.

WHO inapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Juu ya hayo, inashauri mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Anayechota maji na kulima huenda akatimiza sharti la kwanza bila kujua. Sharti la pili ndilo husahaulika, ilhali misuli nayo hupungua kwa umri.

Mazoezi hayo hayahitaji ukumbi wala vifaa. Mama anaweza kuinuka kitini mara 10 bila kujishikilia, kuinua visigino akiwa wima, kuusukuma ukuta kwa mikono na kusimama kwa mguu mmoja karibu na kitu cha kushika. Zoezi hili la mwisho hupunguza hatari ya kuanguka.

Si lazima miaka ya arobaini iwe mwisho wa mbio. Mwaka wa 2024, Mkenya Edna Kiplagat alimaliza wa tatu katika Boston Marathon akiwa na umri wa miaka 44. Kinachobadilika kadiri umri unavyosonga ni muda wa kupumzika. Misuli na kano huchelewa kupona, na anayekimbia huhitaji siku zaidi za mapumziko kati ya mazoezi makali.

Baadhi ya wanawake huacha kukimbia kwa sababu mkojo huwatoka wanapokimbia au kuinua mtungi. Huona haya na kunyamaza. Tatizo hilo hutokana na kulegea kwa misuli inayokishikilia kibofu. Wengi hupata nafuu kwa kuikaza misuli hiyo, kama mtu anayezuia mkojo, kwa sekunde tano hadi 10 na kuilegeza, mara 10, mara tatu kwa siku. Matokeo huonekana baada ya wiki kadhaa.

Joto, damu na chakula

Joto la ghafla linalopanda kifuani na usoni ni dalili inayojulikana zaidi. Utafiti wa SWAN wa Marekani, uliochapishwa mwaka wa 2015, ulionyesha kuwa dalili hiyo hudumu kwa wastani wa miaka 7.4, na zaidi ya miaka 10 kwa Wamarekani weusi. Katika maeneo yenye joto kali kama Kibwezi na Mutomo, ni busara kufanya mazoezi na kazi nzito alfajiri, kuvaa nguo za pamba na kunywa maji kabla ya kiu.

Uchovu nao usichukuliwe daima kuwa dalili ya umri. Katika kipindi cha mpito, hedhi inaweza kuwa nzito na kusababisha upungufu wa damu mwilini. Anayeishiwa pumzi kwenye mlima aliozoea kuupanda anastahili kupimwa damu.

Chakula cha Ukambani kina mengi ya kufaa. Muthokoi kwa maharagwe au mbaazi, ndengu na kunde huleta protini ya misuli. Wimbi una madini mengi ya kalisi kuliko nafaka nyingine za kawaida, na glasi ya maziwa ina takriban miligramu 300. Mwanamke aliyepita miaka 50 huhitaji miligramu 1,200 kwa siku.

Tiba ya homoni ipo pia. Iliogopwa sana baada ya utafiti mkubwa wa Marekani kusitishwa mwaka wa 2002 kwa sababu ya hatari za saratani ya matiti na magonjwa ya moyo. Uchanganuzi wa baadaye ulionyesha kuwa kwa wanawake wengi wenye afya walio chini ya miaka 60, au ambao hawajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, manufaa huzidi madhara. Uamuzi huo hufanywa na daktari baada ya kumpima mhusika.

Kuna ishara moja isiyopaswa kusubiri. Mwanamke akipata damu, hata tone, baada ya mwaka mzima bila hedhi, aende hospitalini bila kuchelewa. Mara nyingi sababu huwa ndogo, lakini inaweza kuwa saratani ya mji wa mimba, ambayo hutibika vyema ikigunduliwa mapema. Kusema kwamba hedhi imerudi ni kosa linaloweza kugharimu maisha.

Mbali na hospitali, maji yaliyo karibu ni kinga. Mamia ya mabwawa ya mchanga yaliyojengwa katika mito ya msimu ya Kitui na Makueni yamefupisha safari za kuteka maji. Kila kilomita inayopunguzwa humwacha mama na nguvu za kutembea na kukimbia kwa ajili ya afya yake, bila kilo 20 mgongoni.