'Shangazi, gari linauma': Kabla ya kununua chaja, kagua nyaya za nyumba

Dar es Salaam. Jumamosi moja asubuhi nilikwenda Kinyerezi kumsalimia kaka yangu. Nikiwa jikoni na wifi, mtoto wao wa miaka minne aliingia akiwa peku, mikono imelowa maji. "Shangazi, gari linauma," aliniambia.

Nilidhani amebanwa na mlango. Nikamkagua vidole, havikuwa na alama yoyote. Akanishika mkono na kunipeleka uani, ambako dada anayewasaidia kazi alikuwa akiosha gari la umeme la kaka huku likiendelea kuchajiwa.

"Hilo gari lina ganzi, wifi," alisema wifi yangu akicheka. "Ukiligusa umelowa maji linakutekenya. Kaka yako anasema ndivyo magari ya umeme yalivyo."

Mimi ni mwandishi wa habari za afya, si fundi umeme. Hata hivyo nimeshazungumza na madaktari mara nyingi vya kutosha kuhusu watu waliopigwa na shoti, na ninajua kwamba gari zima halimtekenyi mtu. Nilimwomba kaka azime meni swichi. Tulibishana kidogo, kisha akazima.

Magari haya sasa yanaonekana mitaani, na tofauti na ya petroli, kituo chake cha kujazia kinakuwa nyumbani, pale watoto wanapocheza na nguo zinapoanikwa. Kwa hiyo swali la chaja ipi ununue ni swali la usalama wa familia kabla ya kuwa swali la gari.

Taa nyekundu iliyodanganywa

Kaka alinunua Nissan Leaf iliyotumika Japani. Ilikuja na waya wake wa kuchajia, wenye kisanduku kidogo katikati. Siku ya kwanza alipouchomeka kwenye soketi ya sebuleni, kisanduku kiliwasha taa nyekundu na kugoma. Akaitwa fundi wa mtaani. Fundi akafungua soketi, akashughulika kwa dakika kumi hivi, na taa ikawa ya kijani. Kaka alimlipa na kumsifia.

Baada ya kisa cha mtoto tulimwita fundi mwingine, mwenye leseni ya EWURA. Alipofungua soketi ile alitikisa kichwa. "Mkuu, hapa wamekidanganya kisanduku," alimwambia kaka.

Alituonyesha kipande kifupi cha waya kilichounganisha nyutro na ethi ndani ya soketi. Nyumba haikuwa na ethi inayofanya kazi. Kwa nje, waya wa ethi ulikuwa umezungushwa kwenye kipande cha nondo chenye kutu, kisichozidi futi mbili, kilichofukiwa kwenye mchanga mkavu.

Kazi ya ethi ni kuupa umeme uliovuja njia rahisi ya kwenda ardhini ili usipitie mwilini mwa mtu. Kisanduku cha kuchajia hupima kwanza kama njia hiyo ipo. Kisipoiona, kinakataa kuruhusu umeme uingie kwenye gari. Taa nyekundu ya kaka haikuwa hitilafu, ilikuwa onyo.

Ukiunganisha nyutro na ethi ndani ya soketi, kisanduku kinaridhika, lakini bodi lote la gari linakuwa limeunganishwa na waya wa nyutro unaotoka nguzoni. Waya huo ukilegea au kukatika wakati vifaa vingine vya ndani vimewashwa, bodi la gari linaweza kubeba volti zinazokaribia 230. Anayeshika mlango hapo akiwa peku kwenye ardhi yenye maji ndiye anayegeuka kuwa ethi.

Kwa nini maji na miguu peku

Ngozi kavu huuzuia umeme kwa kiasi fulani. Ikilowa, kizuizi hicho hushuka sana, na volti zilezile hupitisha mkondo mkubwa zaidi mwilini. Mkondo wa takriban miliampia 10 unaweza kubana misuli ya mkono mtu akashindwa kuachia alichoshika. Kuanzia miliampia 30 na kuendelea, ukipita kifuani kwa muda, unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa kulinganisha, taa ndogo ya balbu ya wati 10 hutumia zaidi ya miliampia 40.

Ndiyo maana kutekenywa na jokofu, pasi, bomba la maji au gari si jambo la kucheka. Ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Zima umeme, kisha tafuta chanzo.

Chaja yenyewe imo ndani ya gari

Kaka alikuwa ameshaweka fedha pembeni ili anunue chaja ya ukutani ya kilowati 7, kwa sababu aliambiwa ndiyo "ya kisasa". Fundi alimuuliza swali moja: gari lako linapokea kilowati ngapi?

Wengi hawajui kwamba kisanduku cha ukutani hakichaji betri. Kinachofanya kazi hiyo ni kifaa kilichomo ndani ya gari, kinachobadilisha umeme wa nyumbani kuwa umeme wa betri. Kisanduku hupitisha umeme kwa usalama na kuliambia gari kiasi cha kuchukua. Leaf nyingi za mwanzo kutoka Japani hupokea kilowati zisizofika 4. Ukilifungia gari la namna hiyo kisanduku cha kilowati 7, au hata 22, litaendelea kunywa kwa kasi yake ileile.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, fanya hesabu ya safari zako. Kaka huenda Posta na kurudi, takriban kilomita 40 kwa siku. Gari dogo la umeme hutumia kama uniti 15 hadi 17 kwa kilomita 100. Ukiongeza kinachopotea wakati wa kuchaji, anahitaji kama uniti 8 kila usiku.

Waya wa kawaida wa ampia 10 hutoa kilowati 2.3. Kwa hiyo uniti 8 zinaingia kwa saa tatu na nusu. Akichomeka saa tatu usiku, kabla ya saa saba gari limeshiba. Chaja ya haraka ingemwokolea muda ambao yeye amelala.

Kwa bei ya LUKU ya watumiaji wa kawaida, ambapo Sh1,000 hutoa takriban uniti 2.8, usiku mmoja unamgharimu chini ya Sh3,000. Linganisha mwenyewe na lita tatu za petroli. Lakini kama upo kwenye daraja la D1, la matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, fahamu kwamba gari litakutoa humo ndani ya wiki mbili.

Njia tatu za kuchaji nyumbani

Ya kwanza ni soketi ya kawaida ya ukutani. Ni rahisi, lakini ndiyo inayoonewa zaidi. Pasi huvuta umeme kwa dakika chache na kujizima. Gari huvuta bila kupumzika kwa saa nyingi. Soketi iliyolegea au ya bei ya chini hupata joto, hubadilika rangi na mwisho huungua. Ukiichagua njia hii, weka kisanduku kwenye ampia 10 au chini yake, soketi iwe mpya na imara, na baada ya saa moja iguse kwa nje. Vuguvugu si neno. Ikiwa ya moto kiasi cha kuondoa mkono, acha mara moja.

Ya pili ni laini ya pekee yenye soketi ya duara ya buluu, ile inayotumika viwandani, ya ampia 16. Inakuwa na waya wake kutoka kwenye boksi la breka, wa milimita 4 au 6 za mraba kutegemea umbali, na breka yake. Hutoa hadi kilowati 3.7 na imetengenezwa kubeba mzigo kwa muda mrefu. Kwa magari mengi yaliyotumika, hii inatosha kabisa.

Ya tatu ni chaja ya ukutani. Kwa umeme wa fezi moja, ulio kwenye nyumba nyingi, ya ampia 32 hutoa kilowati 7.4. Inamfaa mwenye gari jipya lenye betri kubwa au anayeendesha kilomita nyingi kila siku. Za kilowati 11 na 22 zinahitaji fezi tatu.

Kabla ya kuichagua, hesabu mzigo wa nyumba. Ampia 32 za gari, 13 za hita ya maji ya kilowati 3, ukiongeza kiyoyozi na jiko la umeme, zinaweza kuzidi uwezo wa breka yako ya meni. Zipo chaja zinazopima matumizi ya nyumba na kujipunguza zenyewe. Kama huna hiyo, panga gari lichaji watu wakiwa wamelala.

Angalia pia umbo la plagi ya gari. Leaf za zamani kutoka Japani hutumia Aina ya 1. Magari ya Ulaya hutumia Aina ya 2. Yaliyotengenezwa kwa soko la China hutumia plagi ya Kichina ya GB/T, hata kama gari la jina hilohilo la kuuzwa nje lina Aina ya 2. Piga picha tundu la gari lako uende nayo dukani.

Kama waya ulikuja na gari kutoka Japani, soma kibandiko chake. Umeme wa kule ni wa volti 100 na 200, wetu ni 230. Ulioandikwa 100 pekee usiuchomeke kabisa. Ulioandikwa 200 usiuamini mpaka fundi athibitishe kwamba unastahimili 230.

Mambo ya kumdai fundi

Mwambie apime ethi kwa kipimo, asikadirie kwa macho. Kwa kaka zilipigwa fimbo mpya za shaba, zikaingia chini kabisa kwenye udongo wenye unyevu.

Dai kifaa kinachokata umeme ukivuja, ambacho mafundi hukiita RCCB, cha miliampia 30. Hukata ndani ya sehemu ya sekunde, jambo ambalo breka ya kawaida haifanyi. Kiwe cha gari peke yake na kiwe cha aina A angalau, si AC. Kisanduku nacho kiwe na kinga dhidi ya uvujaji wa mkondo mnyoofu, yaani umeme wa namna ya betri. Kama hakina, fungiwa RCCB ya aina B.

Soketi iwekwe chini ya paa, juu ya mahali maji ya mvua yanapoweza kufika, na mbali na mikono ya watoto wadogo. Usitumie ekstensheni, na hasa ile iliyoviringishwa, kwa sababu hujipikia joto lake yenyewe. Waya usipite chini ya zulia wala dirishani unapoweza kubanwa.

Kwa wapangaji kama kaka, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta na mwandikiane. Mwenye nyumba wake alikubali ethi na RCCB zikatwe kwenye kodi, kwa kuwa zinabaki kwenye nyumba. Soketi ya buluu ataondoka nayo. Kazi yote haikufika nusu ya fedha aliyokuwa ameitengea chaja ya ukutani.

Mtu akipigwa na shoti

Usimshike. Zima meni swichi kwanza. Ikishindikana, simama juu ya kitu kikavu na umsogeze kwa ubao au plastiki kavu. Akiwa hajitambui na hapumui kawaida, mwite mtu atafute msaada, kisha bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike.

Aliyezimia, aliyeungua au anayehisi moyo kwenda mbio apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa. Umeme unaweza kuunguza ndani na kuacha alama ndogo tu juu ya ngozi. Kukitokea moto, toa watu nje, piga simu Zimamoto namba 114, na usimwage maji kwenye kitu ambacho bado kina umeme.

Siku hizi kila mwanzo wa mwezi kaka hubonyeza kitufe cha majaribio kwenye RCCB kuona kama inakata. Na wifi ameweka sheria yake: gari halioshwi likiwa limechomekwa.

Nilipokwenda tena wiki iliyopita, yule mtoto alikuwa amesimama mbali na gari, mikono nyuma. "Shangazi, gari limepona?"

Nilimwambia gari halikuwa linaumwa. Nyumba ndiyo iliyokuwa inaumwa, na sasa imetibiwa.