Kazi ya Mwuguzi: Kupima Mambo na Kutunza Siri

Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya mwuguzi ni kutandika vitanda, kufunga vidonda na kutoa dawa zilizoandikwa na daktari. Kazi hizo ni zake kweli, lakini si kazi yake yote. Katika zahanati za vijijini huko Njombe na Makambako, mara nyingi mwuguzi ndiye wa kwanza kumwona mgonjwa, na daktari yu mbali. Hapo hana budi kutazama, kuuliza, kupima mambo kwa akili, kisha kukata shauri. Tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu jinsi afanyavyo, ili wakubwa wa vijiji, walimu na wazazi wamsaidie, wala wasimzuie.

Tuseme mama mmoja amemleta mtoto wa mwaka mmoja na nusu, anakohoa. Waliopo wasema, "Ni baridi ya Njombe tu, mpe dawa ya kifua aende zake." Mwuguzi hawafuati. Humngoja mtoto atulie, humfunua kifua, kisha huhesabu pumzi zake kwa muda wa dakika moja nzima. Mtoto wa miezi 2 ambaye hajatimiza mwaka, akipumua mara 50 au zaidi, huenda ana homa ya mapafu. Na aliyetimiza mwaka lakini hajafika miaka 5, kiasi chake ni mara 40. Tena mwuguzi huuliza: Je, anaweza kunyonya au kunywa? Hutapika kila kitu? Ameshikwa na degedege? Amelegea au amezimia? Ikiwapo hata dalili moja katika hizo, mtoto hupelekwa hospitali upesi. Basi aliyefika asubuhi asikasirike akiona mtoto aliyekuja nyuma yake ametangulizwa. Huo si upendeleo. Foleni ya wagonjwa hufuata hatari, haifuati saa ya kufika.

Mfano wa pili ni homa. Mkoa wa Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye malaria chache sana, kwa sababu ya baridi ya milimani. Lakini Makambako ni njia panda: barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma hukutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA hupita hapo pia. Kwa hiyo mwuguzi humwuliza mwenye homa, "Umetoka wapi juma hili na juma lililopita?" Swali hilo si la upelelezi. Mtu aliyelala nchi ya joto yenye mbu yafaa apimwe damu mara moja. Na asiyeonekana na malaria asipewe dawa yake kwa kubahatisha, bali itafutwe sababu nyingine ya homa. Mgonjwa afichaye safari yake humpoteza mwuguzi, naye hujidhuru mwenyewe. Wazee walisema, mficha uchi hazai.

Pengine mwuguzi huona kipimo cha dawa kilichoandikwa ni kikubwa kuliko uzito wa mtoto. Hapo wajibu wake ni kusimama na kumwuliza aliyeandika, kabla ya kumpa mtoto dawa. Wako watu waonao ya kuwa huko ni kukosa adabu. Sivyo. Kutii bila kufikiri kwaweza kuua.

Sasa twaja kwenye jambo zito kuliko yote, nalo ni siri. Katika uchunguzi wa nchi nzima wa miaka 2022 na 2023, watu wazima wa mkoa wa Njombe walioonekana na virusi vya UKIMWI walikuwa zaidi ya 12 katika kila 100, na katika nchi nzima hawakufika 5. Kwa hiyo karibu kila ukoo huko una jambo lake katika daftari la zahanati. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 yaamuru majibu ya kipimo yawe siri. Imewataja wachache wawezao kupewa, kama mzazi wa mtoto, na mume au mke; mkubwa wa kijiji na jirani hawamo. Hata kwa mume na mke, mwuguzi mwema kwanza humshauri mwenyewe aseme kwa kinywa chake, naye hupima kama mama huyo ataweza kupigwa au kufukuzwa, amtafutie njia ya salama. Lakini pia hasahau ya kuwa mwenzi asiyejua yumo hatarini. Hapo ndipo kazi ilipo ngumu, maana haki mbili zashindana.

Basi mkubwa wa kijiji amwulizaye mwuguzi, "Fulani anaumwa nini?" hata kwa nia njema, humtaka avunje sheria. Tena siri moja ikitoka, watu kumi huacha kwenda kupimwa, na dawa zitolewazo bure hubaki rafuni wakati watu wanakufa.

Twawasihi wasomaji wetu mambo matatu: mpelekeni mgonjwa mapema; mwelezeni mwuguzi kweli yote; na msiulize siri ya mwenzenu, kama msivyopenda yenu iulizwe.