Kakira

Kakira ni mji wa Uganda katika Wilaya ya Jinja, kwenye eneo la Busoga. Uko takriban kilomita 16 mashariki ya Jinja, kando ya barabara kuu ya kwenda Iganga na Tororo, si mbali na Ziwa Viktoria. Una wakazi zaidi ya 30,000. Mji ulikua kuzunguka kiwanda cha sukari kilichofunguliwa mwaka 1930 na mfanyabiashara Muljibhai Madhvani, na hadi leo maisha ya wakazi wengi yanategemea kiwanda hicho.

Mwanzilishi

Muljibhai Prabhudas Madhvani (1894–1958) alizaliwa Gujarat, Uhindi. Alifika Uganda mwaka 1908 akiwa kijana, akafanya kazi katika biashara ya ndugu zake huko Busoga. Baadaye alinunua ardhi ya Kakira na kupanda miwa. Kiwanda chake kilikuwa cha pili kikubwa cha sukari nchini, baada ya kile cha Lugazi kilichoanzishwa na Nanji Kalidas Mehta mwaka 1924.

Kwa nini mji ulijengwa

Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari, kwa hiyo unapaswa kusagwa mapema, ikiwezekana ndani ya siku moja au mbili. Ndiyo sababu kiwanda cha sukari hujengwa katikati ya mashamba, na wakataji pamoja na mafundi huhitaji kukaa karibu. Wafanyakazi wengi wa Kakira walitoka mbali, hivyo kampuni iliwajengea nyumba, ikaongeza shule, hospitali na maduka. Hivyo makazi ya shambani yakawa mji.

Huduma hizo zilitokana na mahitaji ya kazi, lakini Madhvani alijulikana pia kwa kutoa mali yake kwa ajili ya elimu. Shule ya sekondari ya Wairaka, karibu na Kakira, ina jina lake. Mwaka 1962, miaka minne baada ya kifo chake, familia ilianzisha mfuko wa Muljibhai Madhvani Foundation, ambao huwalipia karo wanafunzi wa Uganda wa vyuo vikuu, hasa wanaosoma sayansi na ufundi.

Kufukuzwa na kurudi

Mnamo Agosti 1972 rais Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka nchini. Manubhai Madhvani, mmoja wa wana wa mwanzilishi, alifungwa kwa muda kabla ya kuondoka. Kiwanda kilichukuliwa na serikali. Mashine zilikosa vipuri, mashamba yakaota magugu, na uzalishaji ukashuka hata karibu kusimama. Kwa kuwa mwajiri ndiye aliyekuwa pia mwenye nyumba, shule na hospitali, anguko la kiwanda liligusa kila kitu mjini.

Mwaka 1985 familia ilirudi kwa ubia na serikali, na kiwanda kikafufuliwa kwa mikopo, ukiwemo wa Benki ya Dunia. Mwaka 2000 familia ilinunua hisa za serikali.

Kakira leo

Msafiri anayetoka Jinja huona miwa pande zote mbili za barabara na matrekta yanayovuta matela ya miwa, kisha bomba la moshi la kiwanda. Kiwanda si makumbusho, hivyo anayetaka kukiona ndani huomba ruhusa ya kampuni kwanza. Makapi ya miwa huchomwa kuzalisha umeme: mitambo ina uwezo wa zaidi ya megawati 50, na sehemu ya umeme huo huuzwa kwa gridi ya taifa.

Siku hizi miwa mingi hulimwa na maelfu ya wakulima wadogo katika mashamba yao wenyewe. Zao hilo limewaletea fedha, lakini limezua mjadala Busoga. Muwa hukaa shambani mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya kuvunwa, na familia yenye ardhi kidogo ikipanda miwa tu hubaki bila mahali pa kulima chakula. Bei ya miwa ikishuka, hasara inakuwa mara mbili.

Miji inayofanana

Mji unaojulikana zaidi wa aina hii ni Hershey, Pennsylvania, Marekani, uliojengwa na mtengenezaji wa chokoleti Milton Hershey (1857–1945) kuanzia mwaka 1903. Yeye na mkewe Catherine walianzisha shule ya yatima mwaka 1909, na mwaka 1918 aliweka hisa zake za kampuni katika amana kwa ajili ya shule hiyo. Hata hivyo wafanyakazi wake waligoma mwaka 1937.

Nchini Tanzania makazi ya namna hii yapo katika mashamba ya miwa ya TPC kusini mwa Moshi, upande wa magharibi wa Milima ya Pare. Katika Wilaya ya Same, shamba la mkonge la Ndungu chini ya milima hiyo ni mfano mwingine wa eneo ambalo ajira yake imefungamana na zao moja. Mahali kama hapo swali ni lile la Kakira ya mwaka 1972: mwenye kampuni akiondoka, nani atalipa mwalimu na muuguzi?