Mininga Mingapi Imebaki Porini?

Kitanda cha mninga bado ni kitanda cha heshima huku kwetu Usukumani. Binti akiolewa, baba akiezeka nyumba ya bati, parokia ikitaka mabenchi ya kudumu, neno ni lile lile: tafuteni mninga. Mchwa hawaushambulii upesi, mbao yake haipindi, na ikipigwa msasa yang'aa yenyewe. Mvule na mkora nayo husifiwa, lakini mninga ndio mfalme wa karakana. Je, mwajua mbao hiyo yatoka wapi, na imebaki kiasi gani?

Hapa Usagara barabara hugawanyika. Moja yatoka Mwanza kwenda Shinyanga, nyingine yashika Kigongo kwenda Sengerema na Geita. Zamani magari yalisubiri kivuko cha Kigongo na Busisi. Tangu tarehe 19 Juni 2025 yapita juu ya daraja lenye urefu wa kilometa 3. Kwa hiyo mtu akiketi kando ya njia aona mengi yanayoingia Mwanza: ndizi, ng'ombe, mkaa, na mbao. Mbao ngumu hazitoki hapa kwetu. Zaletwa kutoka kwenye mapori ya miombo ya magharibi na kusini, upande wa Geita, Kahama, Biharamulo na Tabora.

Kwa nini hazitoki hapa? Wazee wajua. Vichaka vya Usukuma vilifyekwa kwa ajili ya mbung'o, kwa ajili ya pamba, na kwa ajili ya malisho. Mpango wa maendeleo ya Usukuma ulipoanza mwaka 1947, nchi ya katikati ilikuwa imekwisha kujaa watu na ng'ombe, na wengi wakahamia Geita kufungua mashamba mapya. Penye msitu pakawa shamba. Hatuwalaumu, walikula kwa jembe hilo. Lakini msitu wa karibu ulikwisha, na leo Geita yenyewe, iliyofanywa mkoa mwaka 2012, yahitaji magogo yake kwa matimba ya migodini na kwa mkaa.

Sasa mtu atasema: Tanzania ni kubwa, miti haiwezi kwisha. Neno hili nimelisikia mara nyingi, nami naona lafaa kupimwa kwa hesabu. Kati ya miaka ya 2009 na 2014 serikali ilifanya sensa ya misitu ya Tanzania Bara, iliyoitwa NAFORMA. Wapimaji walikwenda kwenye vituo zaidi ya 30,000 nchini. Penye kituo walichora duara, wakapima unene wa miti iliyomo, meta 1 na sentimita 30 kutoka chini. Wakakuta kwamba misitu na mapori yafunika hekta milioni 48.1, yaani zaidi ya nusu ya nchi, yenye miti ya meta za ujazo bilioni 3.3. Ni mali nyingi kweli.

Lakini ngojeni kidogo. Sensa hiyo hiyo ilionyesha kwamba kiasi kinachoweza kukatwa kwa mwaka bila kuumaliza msitu ni meta za ujazo milioni 42.8, na kiasi kilichotumika kwa mwaka ni milioni 62.3. Pengo ni milioni 19.5. Ni kama mwenye ng'ombe ambaye zizi lake lamzalia ndama wanne kwa mwaka, naye achinja sita. Zizi laonekana limejaa, wageni wasifu, lakini mwenyewe akihesabu usiku hapati usingizi.

Tena miti hiyo si yote ya mbao. Sehemu kubwa ya miombo ni miti ya kuni na mkaa. Na iliyo ya mbao si yote yavunwa. Rubondo ina miti mikubwa ya kupendeza, lakini ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Pori la Biharamulo liliingizwa katika hifadhi ya Burigi-Chato mwaka 2019. Miti ipo, twaiona kwa macho, lakini msumeno hauruhusiwi, na ni vema iwe hivyo. Mingine imepinda, mingine ina tundu ndani, mingine iko ukingoni mwa mto ambako haifai kukatwa. Basi kusema "msitu upo" si sawa na kusema "mbao zipo".

Tatizo kubwa la mninga ni ukuaji wake. Mbegu yake hukaa ndani ya tunda la mviringo lenye bawa pande zote na miiba katikati. Ikiota, chipukizi hufa kila kiangazi, mzizi hubaki hai ardhini, na mvua zikija huchipua tena. Mambo huendelea hivyo kwa miaka mingi, pengine kumi na zaidi, mpaka mzizi upate nguvu ya kusukuma shina lisilokufa. Baada ya hapo mti hunenepa polepole sana. Wataalamu wanaohesabu miduara ya mwaka ndani ya magogo hutaja karibu miaka mia moja kabla mti haujafaa kwa msumeno. Mninga unaokatwa leo uliota wakati wa babu wa babu zetu.

Ndiyo maana kanuni za misitu zaweka kipimo: mninga usikatwe kabla haujafikisha kipenyo cha sentimita 45 kwa kimo cha kifua. Fanyeni hivi nyumbani. Chukueni kamba, pimeni sentimita 141, fungeni fundo. Zungusheni kwenye shina kwa kimo cha meta 1 na sentimita 30. Ncha ikifika kwenye fundo au ikavuka, mti bado mwembamba. Isipofika, mti umefikia kipimo. Kamba hiyo haina gharama, na mtoto wa darasa la tano aweza kuishika.

Sasa nawaambia ninyi wa vijiji ambavyo bado vina pori. Mfanyabiashara akija na fedha mkononi, kijiji huulizana bei tu. Swali la kwanza lingekuwa: tunayo mingapi? Kuhesabu si kazi ya wazungu wala ya ndege za angani. Tuseme kijiji kina msitu wa hekta 1,000. Mtu ashike kamba ya meta 15, asimame mahali, mwenzake azunguke. Duara hilo ni karibu sehemu 7 katika 100 za hekta. Maduara 14 ni hekta moja. Pigeni maduara 100 pembe zote za msitu, si penye miti mizuri tu (hapo ndipo watu hujidanganya). Tuseme mmekuta mininga 7 iliyofika kipimo. Ni kama mmoja kwa kila hekta, yaani 1,000 msituni kote. Ondoeni yenye tundu, iliyopinda, ya ukingoni mwa mto, na ile ya kubaki kwa mbegu. Tuseme yabaki 600. Ikiwa miti midogo inayofuata yahitaji miaka 30 kufikia kipimo, basi 600 ni chakula cha miaka 30. Kwa mwaka ni miti 20. Mgeni ataka 200 kwa kiangazi kimoja? Ataka kuchukua miaka kumi ya kijiji kwa siku moja, na bei yake yapasa kuangaliwa kwa jicho hilo.

Si ndoto. Huko Kilwa, kijiji cha Kikole kilipima msitu wake na kuuwekea mpango wa uvunaji, kikauza mpingo wenye cheti cha kimataifa tangu 2009, na fedha zikaingia kijijini. Sheria ya misitu ya 2002 yakipa kijiji haki ya kutenga msitu wake na kuusimamia. Mahali pasipo hesabu mambo huwa mengine. Uchunguzi wa biashara ya magogo kusini mwa nchi, uliochapishwa mwaka 2007, ulikadiria kwamba asilimia 96 ya mapato ambayo yangepatikana yalipotea. Tangu mwanzoni mwa 2023 mininga na mikora ya Afrika imo katika mkataba wa CITES, hivyo kuipeleka nje ya nchi kwahitaji kibali maalumu.

Nanyi mnaonunua? Ulizeni alama ya nyundo ya misitu kwenye mbao, na hati ya kuzisafirishia. Hata mti wa shambani mwako, mwone Bwana Miti wa wilaya kabla ya kuukata. Na si kila kazi yahitaji mninga. Kenchi za paa, rafu, na hata mabenchi ya kanisa hufaa kwa paini iliyokauka na kutiwa dawa. Mninga uwekeni kwa fremu ya mlango na kwa kitu mtakachowarithisha watoto.

Kuhusu kupanda, mninga ni mgumu kitaluni, maana chipukizi hufa-hufa kama nilivyosema. Penye mizizi yake porini, kinga moto wa mwishoni mwa kiangazi, nayo itainuka yenyewe. Njia nyingine ni ya wafugaji: nguzo nene ya mninga mbichi ikichimbiwa zizini kabla ya mvua yaweza kuchipua na kuwa mti. Chipukizi hilo lizungushieni miiba, mbuzi wasilifikie.